Jinsi ya kuichambua namba 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba 4,294,967,297 hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 32. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kuwa ni namba tasa, na ni mwanahisabati Leonhard Euler aliyeonyesha kigawo chake mwaka 1732. Kigawo hicho unaweza kukipata mwenyewe bila kikokotoo, mradi usianze kugawanya ovyo.

Majaribio ya kawaida hayachukui muda: namba inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri na haigawanyiki kwa 5, jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiendelea hivyo, huenda ukalazimika kujaribu namba tasa zote 6,542 zilizo chini ya kipeuo chake cha pili, ambacho kinazidi 65,536 kidogo mno. Kanuni ya Euler inakuepusha na adha hiyo, kwa kuwa kila kigawo tasa cha namba hii kikigawanywa kwa 64 lazima kibakize 1. Andika basi 65, 129, 193 na kuendelea, ukiongeza 64 kila mara na kufuta zisizo tasa. Za mwanzo zitakazosalia ni 193, 257, 449, 577 na 641.

Usiigawanye namba nzima. Gawanya 65,536, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 16, kwa kigawo unachokijaribu. Baki utakalopata lizidishe kwa lenyewe, ugawanye tena, kisha uongeze 1 kwenye baki la mwisho. Kwa 193 utaishia na 109, kwa 257 na 2, kwa 449 na 325, kwa 577 na 288, na zote hizo hazifai. Kwa 641, baki la kwanza ni 154. 154 mara 154 ni 23,716, ambayo inabakiza 640. Ukiongeza 1 unapata 641 yenyewe, yaani namba imegawanyika bila baki.

Jibu la kugawanya ni 6,700,417. Usidhani tu kwamba nalo ni tasa: kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, kwa hiyo inatosha kujaribu 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113, na hakuna hata moja inayoligawanya.

Sifa inayonivutia zaidi ni ya miraba. Namba yetu ni mraba wa 65,536 ukijumlishwa na mraba wa 1, lakini pia ni mraba wa 62,264 ukijumlishwa na mraba wa 20,449. Namba tasa haiwezi kuandikwa kwa njia mbili tofauti za aina hiyo, kwa hiyo mwenye kuigundua njia ya pili angejua kuwa namba hii si tasa hata kabla ya kuiona 641.