Tangulia Ukae: Kupiga Picha Ndege wa Pemba, Kaskazi Hadi Vuli

Kazi inayonilisha ni picha za harusi hapa Wete. Ndege nilianza nao katika bonde la mpunga karibu na Konde, juu ya dungu (jukwaa la miti) la mzee mmoja aliyekuwa akiamia shamba lake, yaani akifukuza ndege wasile mpunga. Siku hiyo nilikuwa nimewaandama kweche, ndege wadogo wala mpunga, tangu alfajiri. Napita juu ya matuta, nainama, nanyata, na kila nikibakisha hatua thelathini kundi zima linaruka na kuhamia jaruba jengine. Nikafika chini ya dungu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu panda juu ukae. Huko chini unaamia vizuri kuliko mimi."

Nikapanda, nikakaa kimya ubavuni pake. Haikupita nusu saa kweche dume, mwekundu kama kaa la moto, akatua kwenye suke lililokuwa karibu hata nikaliona likiinama kwa uzito wake. Akatutumua manyoya ya shingo, akalia. Nilipata picha tano. Zile za asubuhi nzima nilizifuta zote.

Ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye dungu lile: jua ndege atakuja wapi na saa ngapi, tangulia, kisha kaa. Kwetu sisi mambo hayo mawili, wapi na saa ngapi, hupangwa na upepo na maji, kwa hiyo nitafuata misimu.

Kwanza vifaa, kwa ufupi. Kamera yangu ni ile ile ya harusini, na lenzi ni ya milimita 400 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mwenye milimita 300 asivunjike moyo, kwani akikaa vizuri ndege atamsogelea. Shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea nuru, naiweka 1/500 ya sekunde kwa ndege aliyetua na 1/2000 kwa anayeruka, lenzi naifungua mpaka mwisho wake, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia kamera yenyewe. Fokasi iwe kwenye jicho. Picha yenye jicho lililofifia naifuta, hata mabawa yawe mazuri vipi.

Kuanzia Disemba mpaka mwanzo wa Machi, kaskazi inapovuma, pwani zetu zinajaa wageni. Wapo sululu wenye midomo iliyopinda kama kotama, wapo vitwitwi wa kila namna waliosafiri kutoka Siberia, na wapo wale ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene, wanaokula kaa. Hawa wa mwisho ndio niwapendao kupita wote. Huzaa kwenye mashimo wanayoyachimba mchangani huko pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu pamoja na watoto wao. Ukikaa nao kwa utulivu utamwona mtoto, bado ana rangi ya kijivu, akimfuata mzazi hatua kwa hatua na kumlilia chakula, hali yeye mwenyewe anakaribia kimo cha mzazi. Mzazi anamnyofoa kaa mguu mmoja mmoja, na mtoto anangoja mdomo wazi. Hiyo ndiyo picha ya kungojea.

Sasa maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, bahari hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kwenda mbali kabisa, na ndege huifuata huko huko. Utawaona wadogo kama punje za mtama. Usiwafuate. Maji yanapoanza kujaa ndiyo yanayowasukuma kuja kwako, kidogo kidogo, mpaka wabakiwe na kipande kimoja cha mchanga, na kipande hicho ndicho unachotakiwa uwe umeshakikalia. Kwa kuwa maji huchelewa kiasi cha dakika hamsini kila siku, mimi nahesabu kwa tarehe za mwezi mwandamo. Tarehe mbili na tatu, na tena kumi na saba na kumi na nane, maji hujaa jioni jua likiwa limeshalainika. Tarehe tano na sita, au ishirini na ishirini na moja, hujaa asubuhi kiasi cha saa mbili au saa tatu, na ndege husogea kwenye nuru ya kwanza. Wavuvi wote wanazijua hesabu hizi. Ukiwa mgeni wa pwani fulani, muulize mvuvi wa hapo kwanza, kwani kila hori lina tabia yake.

Upepo nao una kazi. Ndege husimama na hutua akiukabili upepo, kwa hiyo ukiuweka mgongoni utawapata nyuso, na ukiukabili utarudi nyumbani na picha za mikia. Hapa ndipo fuo zetu za magharibi, kama hizi za ghuba ya Wete, zinapobarikiwa asubuhi za kaskazi: nchi kavu iko nyuma yako, jua linatoka nyuma yako, na upepo pia unatoka nyuma yako. Ikifika kusi mambo hugeuka, na mimi hukaa upande wa kusini wa ndege.

Jambo moja harusi zimenisaidia sana. Ndege mweupe kwenye tope jeusi ni sawa na shela la bibi harusi mbele ya pazia la giza. Kamera itaona giza, itaongeza mwanga, na weupe wote utaungua, usibakie unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kwa hatua moja, piga, ikuze picha kwenye kioo uangalie bawa. Kama mistari ya manyoya haionekani, punguza tena.

Na kaa chini. Mimi natandika gunia la plastiki nakaa kitako au nalala kifudifudi, lenzi ikiwa shibiri moja juu ya mchanga, ili jicho langu na la ndege viwe sawa. Ndege wa pwani wamewazoea wanawake wanaochokoa pweza na kuokota chaza, wanaoinama na kwenda polepole. Mtu aliyesimama wima na kitu cheusi usoni hawajamzoea. Wasalimie hao kina mama ukifika, waeleze unafanya nini, na usimpige picha yeyote kabla hajakukubalia. Mara nyingi wao ndio walionielekeza kundi liko wapi.

Usiiache pwani mapema. Mwishoni mwa Machi na Aprili, kabla ya kuondoka, baadhi ya vitwitwi hubadilika kabisa. Wale wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo, waliokuwa kijivu msimu mzima, hugeuka wekundu kama tofali. Unawapata siku chache tu, na baadaye wameshakwenda zao.

Masika ni kazi ngumu, nami sitaficha. Mvua ya Aprili na Mei inanyesha kwa siku nzima, njia za mashamba zinateleza, na unyevu unaingia kwenye lenzi. Ya kwanza niliyokuwa nayo niliiacha ndani ya mkoba wa kitambaa juu ya kabati kwa wiki sita. Nilipoitoa na kuielekeza kwenye dirisha, niliona ndani ya kioo nyuzi nyembamba nyeupe, zimetawanyika kama mizizi ya kitunguu. Ilikuwa kuvu. Fundi alisafisha lakini madoa hayakutoka. Tangu hapo vifaa vyangu vinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kila baada ya siku chache navianika vifuko juani. Usitumie mchele, una vumbi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba robo saa kabla ya kuifungua, la sivyo kioo kitatoka jasho.

Hata hivyo masika yana zawadi yake: majani yameoshwa, mawingu yamelainisha nuru mchana kutwa, na kweche madume wamevaa wekundu wao. Mpunga unapoanza kutia maziwa, mwombe mwenye shamba nafasi kwenye dungu. Mpelekee picha iliyosafishwa kwenye karatasi. Mimi sijawahi kukataliwa.

Juni hadi Agosti, kipupwe kimeingia na kusi inavuma, naingia msitu wa Ngezi kule kaskazini, njia ya kuelekea Vumawimbi. Ndege wanne hawapatikani popote duniani ila Pemba: ninga wetu (njiwa wa kijani), chozi wetu (mnyonya maua), yule kindege wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo. Chozi na kindege wa manjano utawakuta hata uani. Ninga na bundi watakutaka subira.

Bundi ni wa usiku na huingii peke yako. Lipia langoni, ufuatane na mlinzi wa msitu. Jua likishazama simameni, zimeni tochi, sikilizeni. Analia "hu" moja, kimya, kisha "hu" nyengine bila mpangilio, na mara nyengine mwenzake humjibu kutoka mti wa pili. Kwetu mtu akisikia bundi juu ya paa huingiwa na hofu, na wapo wanaompiga mawe. Naumia sana nikiliona hilo, maana huyu ni mkubwa kama kiganja na vidole vyake, anakula wadudu, na akitoweka Pemba hatakuwepo tena mahali popote. Simpigi kwa mwanga wa flashi. Mlinzi anaelekeza tochi dhaifu kwenye majani ya pembeni, si machoni, nami naweka shata 1/60, ISO 6400, kamera juu ya miguu mitatu. Napiga picha chache, kisha tunazima na kuondoka. Wako wanaocheza sauti yake kwenye simu ili aje. Msifanye hivyo. Anadhani kuna bundi mwengine amevamia, anaacha kuwinda, na wengine wanakuja usiku wa pili kumfanyia yale yale.

Ninga usimtafute, maana ni kijani ndani ya kijani. Tafuta mti wa mlandege uliozaa. Angalia chini: kama tunda zimeangushwa nusu zimeliwa, kaa mbali kidogo jua likiwa mgongoni mwako, na utazame matawi yanayotikisika bila upepo. Huwa nakwenda mapema, kwani ikifika saa tatu nuru inakatika vipande vipande kati ya majani na uso wake unajaa madoa.

Vuli ni msimu wa nyumbani. Nyuma ya jiko letu kuna migomba, na ua la mgomba linaponing'inia na kufunua jani lake moja la zambarau, chozi anakuja kunyonya saa moja asubuhi na kurudi karibu kila baada ya dakika kumi. Kaa mlangoni, elekeza lenzi kwenye ua, ngoja. Dume ukimwona upande mmoja ni mweusi tu, na akigeuza shingo anang'aa kijani na zambarau. Piga anapogeuka. Kwenye mikarafuu, wachumaji wakiwa juu ya matawi, vile vindege vya manjano hupita kwa makundi vikiitana, na huko shata isishuke chini ya 1/1000 maana havitulii.

Viota naviacha. Nikikuta ndege amekaa kwenye kiota narudi nyuma njia niliyojia, kwani mayai yakiachwa juani bila mzazi yanaweza kufa upesi.

Kila safari naiandika kwenye daftari la skuli la kurasa themanini: tarehe ya mwezi mwandamo, upepo, saa ya maji, mti au mwamba, na ndege alikaa upande gani. Ukurasa wa kaskazi iliyopita unasema: tarehe sita ya mwezi mwandamo, upepo mwembamba, maji saa mbili na nusu, weupe kumi na wanne kwenye kijiwe cha mkoko uliokatika. Kaskazi hii nitakuwa kwenye kijiwe hicho tarehe sita, gunia langu limeshatandikwa kabla ya jua kutoka.