Kukuza maua ya panse Lubumbashi: panda mwezi wa tatu, yachanue wakati wa baridi

Panse ni ua la baridi. Linapenda mchana wa nyuzi 15 hadi 22 na usiku wa nyuzi 5 hadi 12. Joto likipita nyuzi 27 siku nyingi mfululizo, shina hurefuka, maua huwa madogo, kisha mmea huacha kuchanua. Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tunayo miezi inayolifaa: kuanzia katikati ya mwezi wa tano hadi mwisho wa mwezi wa nane. Mwezi wa kumi, ambao kwetu ndio wa joto kuliko yote, hakuna panse linalostahimili.

Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni wiki 12 hadi 16. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanangoja baridi ianze ndipo watafute mbegu. Mbegu ya mwanzo wa mwezi wa sita itatoa ua mwezi wa tisa, na wiki chache baadaye jua litakuwa limeliunguza. Panda kati ya tarehe 20 ya mwezi wa pili na tarehe 20 ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inanyesha. Kazi ngumu ni kulea miche wakati wa joto na unyevu. Ukivuka hapo, baridi itakusaidia.

Hatua ya 1: Mbegu

Kwenye pakiti tafuta neno "Pensée" au jina la kisayansi Viola × wittrockiana. Gramu moja ina mbegu 600 hadi 800, kwa hiyo pakiti ndogo inatosha lupango (kiwanja cha nyumba) nzima. Soma tarehe: mbegu ya zaidi ya miaka miwili huota kwa shida, hasa ikiwa ilikaa dukani juani.

Kuna aina za maua makubwa ya sentimita 8 hadi 10, na za maua madogo ya sentimita 3 hadi 5. Makubwa yanavutia kwenye picha ya pakiti, lakini hapa kwetu chagua madogo au ya wastani. Hata mwezi wa saba mchana wetu unaweza kufika nyuzi 25, na maua madogo huvumilia hali hiyo vizuri zaidi, hutoka mengi kwa wakati mmoja, na hayainamishwi na upepo.

Hatua ya 2: Kitalu

Changanya kopo mbili za udongo wa majani yaliyooza (ule mweusi unaochotwa chini ya miti mikubwa), kopo moja ya udongo mwekundu, na kopo moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa. Chekecha. Weka kwenye ndoo, mwagia maji yanayochemka hadi udongo wote ulowe, funika, uache upoe mpaka kesho yake. Usiruke hatua hii. Udongo wa majani hubeba vimelea vinavyoozesha shingo za miche, na mwezi wa tatu unyevu wa hewa unavipa nguvu.

Jaza beseni pana au bidoni ya lita 5 iliyokatwa kwa ubavu na kutobolewa matundu chini. Kina cha sentimita 6 kinatosha. Panda mbegu 50 kama unataka miche 25, ukiachanisha sentimita 2, na uzifunike kwa milimita 3 tu za mchanganyiko. Mbegu za panse huota vizuri gizani, kwa hiyo funika chombo kwa ubao au plastiki nyeusi.

Joto la kuota ni nyuzi 18 hadi 20. Likipita 25, mbegu nyingi hubaki zimelala. Usiweke chombo juu ya bati, wala barazani panapopigwa na jua la mchana. Kiweke ndani ya nyumba, chini kabisa kwenye sakafu ya simenti, katika chumba kisichopata jua la alasiri. Usimwagilie kwa juu, maana mbegu zitahama. Simamisha chombo ndani ya maji ya kina cha sentimita 2 kwa dakika 15, kisha kitoe kichuruzike.

Anza kuchungulia siku ya nane. Ukiona shingo nyeupe za kwanza, ondoa kifuniko siku hiyo hiyo na usogeze chombo penye mwanga mwingi usio wa jua kali. Ukichelewa siku mbili, miche itakuwa mirefu, myeupe, dhaifu. Iliyobaki huendelea kuota hadi siku ya 20.

Miche ikianguka huku shingo imebana na kuwa ya kahawia, huo ni uozo wa shingo. Ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo unaoizunguka, nyunyiza mchanga mkavu juu, punguza maji, pisha hewa. Iliyoanguka haisimami tena. Unachookoa ni jirani zake.

Hatua ya 3: Kuhamishia kwenye sashe

Mche ukiwa na majani mawili ya kweli, mbali na yale mawili ya mwanzo, uhamishie kwenye sashe ya maji ya kunywa iliyokatwa juu na kutobolewa pembe za chini. Shika jani, usishike shina. Fukia hadi chini kidogo ya majani ya mwanzo ili mche mrefu upate kusimama. Ukiwa na majani matano au sita, kata ncha ya juu kwa kucha: utatoa matawi ya pembeni, na kila tawi litakuwa na maua yake.

Usiku, konokono wa msimu wa mvua hula miche hii hadi ardhini. Inua sashe juu ya meza au matofali, kisha pita na taa baada ya saa mbili usiku uwaokote. Kwa lupango ndogo, mkono unashinda dawa.

Hatua ya 4: Udongo wa bustani, na kwa nini usilete wa kichuguu

Panse linataka udongo wenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi imepungua) kati ya 5.5 na 6.2. Udongo mwekundu wa Lubumbashi mara nyingi uko karibu na hapo. Kosa huja pale mtu anapotaka kuurutubisha kwa udongo wa kichuguu. Ni mzuri kwa mboga nyingi, ni mzuri kwa matofali, lakini vichuguu vikubwa vya Katanga vimekusanya chokaa kwa miaka mingi. Chokaa hiyo hupandisha pH, na panse hushindwa kufyonza chuma na boroni hata kama vimo udongoni. Utaona majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Baadaye ncha za matawi hukunjamana na kuacha kukua. Chini ya ardhi kuna hatari nyingine: ugonjwa wa mizizi myeusi hustawi pH ikipanda. Jivu la makala (mkaa) hufanya madhara hayo hayo, kwa hiyo usilimwage kwenye bustani ya panse.

Kipimo ni rahisi. Chukua kijiko cha udongo mkavu, mwagia siki ya jikoni. Ukitoa povu na mlio, una chokaa; tafuta mahali pengine. Usipotoa, endelea. Angalia pia birika lako la chai: kama maji ya kisima huacha ukoko mweupe ndani, nayo yana chokaa. Tumia maji ya mvua kwenye kitalu, na hayo ya kisima yabaki kwa bustani.

Lima kina cha sentimita 25. Kwa kila mita mraba ongeza ndoo moja ya lita 10 ya mboji iliyoiva, au nusu ndoo ya mbolea ya kuku iliyokaa miezi mitatu au zaidi. Mbolea mbichi ya kuku huunguza mizizi. Ukipata mbolea ya dukani NPK 10-20-10, ile ya mahindi, gramu 30 kwa mita mraba zinatosha, yaani vijiko viwili vya mezani. Urea achana nayo: italeta majani makubwa laini, vidukari wengi, maua machache.

Katika mitaa ambako kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wa tanuru la shaba, kuna sehemu ambazo hata nyasi hazioti. Dawa ya kawaida ya udongo wenye shaba nyingi ni chokaa, na chokaa ndiyo panse linaikataa. Hapo panda kwenye vyombo vyenye udongo uliotolewa kwingine: kina cha sentimita 20, matundu manne chini, miche mitatu kwa chombo cha upana wa sentimita 25. Maua ya panse huliwa, watu huyapamba kwenye saladi na keki, lakini usile yaliyoota kwenye udongo wa namna hiyo wala yaliyopuliziwa dawa.

Hatua ya 5: Mahali na siku ya kupanda

Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mwezi wa sita hupita upande wa kaskazini. Adhuhuri, ukuta wa mita 2.5 hutupa kivuli cha karibu mita 1.75 upande wake wa kusini. Ukipanda katika ukanda huo panse litarefuka likitafuta mwanga. Mahali bora ni upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi kwa muda wa saa nne au tano, kisha kivuli alasiri. Ukuta au uzio upande wa kusini-mashariki unasaidia pia, kwa sababu upepo mkavu wa kiangazi (miezi isiyo na mvua) hutoka huko.

Hamisha miche kati ya tarehe 25 ya mwezi wa nne na tarehe 10 ya mwezi wa tano, jioni. Achanisha sentimita 20; mita mraba moja hupokea miche 25. Shingo ya mche ibaki sawa na uso wa udongo, kwa sababu hapa kuifukia ni kuiozesha. Usinyanyue tuta, kwani mvua inakwisha: fanya bustani bapa yenye ukingo wa sentimita 5 wa kushika maji. Zungushia uzio wa kuzuia kuku, la sivyo siku ya pili utakuta miche yote imechakurwa.

Hatua ya 6: Kiangazi chote

Mwagilia asubuhi, lita 10 kwa mita mraba, mara tatu kwa wiki. Kabla ya kumwaga, choma kidole sentimita 3: kama kuna unyevu, subiri kesho. Majani yakilala na maji usiku wa baridi, uozo wa kijivu hufuata. Nyasi kavu za sentimita 2 juu ya udongo hutunza unyevu, lakini huita mchwa. Zikague kila wiki, na ukiona njia zao za udongo, ziondoe zote.

Vumbi linastahili kuangaliwa zaidi ya linavyofikiriwa. Kwenye avenyu zisizo na lami, majani huwa mekundu kabla mwezi wa saba haujaisha. Jani lililofunikwa hufanya kazi kidogo, na utitiri mwekundu hupenda mahali pakavu penye vumbi. Geuza jani: ukiona nukta ndogo zinazotembea na utando mwembamba, ni wao. Osha majani, hasa upande wa chini, kila baada ya siku nne au tano, saa tatu asubuhi ili yakauke upesi. Vidukari waondoe kwa njia hiyo hiyo, ukiongeza kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja.

Kila siku mbili au tatu, kata maua yaliyonyauka pamoja na kikonyo chake hadi pale kinapotoka shinani. Ukivuta petali tu, tumba la mbegu linabaki, na mmea ukianza kulea mbegu hupunguza maua. Kila wiki tatu rudia mbolea, nusu ya kipimo cha kwanza, juu ya udongo uliolowa.

Hatua ya 7: Mbegu zako na mwisho wa msimu

Mwanzoni mwa mwezi wa nane acha matumba ya mbegu kwenye mimea miwili au mitatu mizuri. Tumba changa huinama. Likiiva husimama na kupauka, kisha hupasuka pande tatu na kurusha mbegu mbali. Lichume likisimama, kabla halijapasuka, ulikaushe ndani ya bahasha iliyofungwa, kisha uhifadhi mbegu kwenye chupa kavu mahali pa baridi hadi mwezi wa pili. Kama pakiti iliandikwa F1 (mbegu chotara ya kizazi cha kwanza), watoto watatofautiana na mama kwa rangi na ukubwa.

Mwezi wa tisa, mashina yakirefuka na kuacha wazi katikati, ng'oa. Kuna wanaoyakata hadi sentimita 5 wakitumaini yatachipua, jambo linalowezekana kwenye nchi za baridi, ila kwetu chipukizi hukutana na joto la mwezi wa kumi. Tazama mizizi unapong'oa: ikiwa myeupe, tupa mmea kwenye mboji, ikiwa myeusi, uchome. Mvua zikianza, panda lengalenga (mchicha) mahali hapo. Usipande maharagwe, kwa sababu nayo hushikwa na ugonjwa huo wa mizizi myeusi. Panse lisirudi kwenye udongo huo kabla ya misimu mitatu.