Alama za Swede kwenye kolposkopi: hatua kwa hatua

Kolposkopi ni kuangalia mlango wa kizazi kwa darubini ya kukuza, kutafuta mabadiliko yanayoweza kuwa saratani. Alama za Swede, zilizochapishwa mwaka 2005 na madaktari wa Sweden, hupima mambo matano yanayoonekana hapo. Kila moja hupewa 0, 1 au 2, jumla 10. Kujumlisha si kazi. Kinachopotosha alama ni haraka, na dawa kupakwa bila mpangilio.

1. Muulize mama kama ana mimba au mzio wa iodini. Weka spekulamu, futa ute kwa pamba yenye maji ya chumvi, bila kusugua, maana damu ikianza kutoka huoni tena vizuri. Washa kichujio cha kijani uangalie mishipa sasa, kwani asidi huisinyaza.

2. Paka asidi ya asetiki 5%: mililita 5 za asidi kali kwenye mililita 95 za maji yaliyotakaswa, ichanganywe upya kila siku. Chupa ya asidi kali isikae kabisa kwenye trei ya mgonjwa, kwa sababu huunguza vibaya. Subiri dakika 1 kamili. Weupe hafifu unaofifia upesi mara nyingi ni ukuaji wa kawaida wa seli. Unaokolea na kukawia kuondoka ndio wa kuhofia.

3. Tafuta mpaka wote kati ya utando wa waridi wa nje na ule mwekundu wa ndani. Usipoonekana kwa sababu umeingia ndani ya mlango wa kizazi, huo ni ukanda wa mabadiliko aina ya 3. Hapo alama ndogo haimpi mama usalama wowote.

4. Toa alama nne za kwanza. Weupe: hakuna au unapenyeka kwa macho 0, kama maziwa 1, mzito kama nta 2. Kingo: hazieleweki 0, kali lakini za mikunjomikunjo 1, kali na nyoofu au zilizoinuka 2. Mishipa: myembamba iliyopangika 0, haionekani 1, minene au isiyo na mpangilio 2. Ukubwa: chini ya milimita 5 ni 0, milimita 5 hadi 15, au robo mbili za mlango, 1, zaidi ya hapo, au doa linaloingia ndani usione mwisho wake, 2.

5. Iodini ya Lugol iwe ya mwisho, kwa kuwa hufunika kila kitu. Kahawia 0, njano hafifu au ya mabakamabaka 1, njano iliyokolea 2. Kwa mama aliyekoma hedhi, mlango mzima unaweza kukosa rangi bila ugonjwa. Usikimbilie kumpa 2.

Jumla ya 0–4, mabadiliko makubwa ya seli yanayotangulia saratani ni nadra, ila kipimo cha seli kikionyesha mabadiliko makubwa, chukua kinyama (kipande kidogo cha tishu cha kupima maabara) hata hivyo. Kuanzia 5, chukua kinyama palipo peupe zaidi. Kwa 8 na kuendelea, uwezekano wa CIN2 (mabadiliko ya seli ya kiwango cha kati yanayotangulia saratani) au zaidi ni mkubwa hivi kwamba baadhi ya vituo hutibu siku hiyohiyo.

Lakini ukiona uvimbe, kidonda, damu inayotoka kwa kuguswa tu, au mishipa iliyojisokota na kubadilika unene ghafla, acha kuhesabu. Hiyo ni saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usigandishe, usichome, usikate kwa waya wa umeme: ukitibu juujuu, ugonjwa unabaki ndani na hatua yake haijulikani tena. Kata kinyama pembeni mwa kidonda, kwani katikati mara nyingi hakuna ila tishu zilizokufa, kisha mpe rufaa.

Zuia damu kwa dawa ya Monsel, weka kinyama kwenye fomalini 10%, na uandike kwenye chupa mahali ulipokikata, ukiutazama mlango wa kizazi kama uso wa saa, kwa mfano saa 12.