Somo: Mgao wa mapato ya dagaa bila kununiana

Mgao hubadilika diko kwa diko, yaani kila mahali vyombo vinaposhusha samaki. Hapa nafuata ule wa mafungu matatu: chombo na mashine, nyavu, mabaharia.

Hatua ya 1. Pataneni kabla ya kushua chombo. Pesa zikishaonekana, kila mtu hukumbuka hesabu inayomfaa yeye.

Hatua ya 2. Toeni kitoweo, sawa kwa wote, nahodha pia. Hiki ni cha watoto nyumbani, hakiangalii cheo.

Hatua ya 3. Uzeni mabaharia wakiona, kisha toeni gharama za safari: mafuta, kuchaji taa, chakula, ushuru wa diko. Tuseme mauzo ni shilingi 600,000 na gharama 150,000. Zinabaki 450,000, kila fungu 150,000. Mabaharia ni 9 pamoja na nahodha anayekula sehemu mbili, kwa hiyo sehemu ni 10, kila moja 15,000.

Hatua ya 4. Tajiri mwenye chombo na nyavu ameondoka na 300,000. Hapa ndipo watu wanaponuna. Mimi sioni dhuluma, ilimradi nyavu zikichanika azishone kwa fungu la nyavu. Akiingiza bei ya uzi kwenye gharama za safari, amekula mara mbili, na nyinyi mmemlipia. Kagueni daftari hapo kwanza, mengine baadaye.

Maswali ya wanachama

Tulirudi mikono mitupu, tajiri kaandika mafuta kuwa deni. Ni haki?
Ni haki likitolewa kwenye mauzo yajayo kabla ya mafungu, ili naye alibebe. Akilikata kwenye fungu lenu peke yake, kataeni. Penye ugumu ni kwa baharia mpya: analipia mafuta ya safari asiyokwenda. Mwambieni kabla hajapanda.

Kijana wa kufua maji, yaani kuyatoa yanayoingia chomboni, anataka sawa na wavuta nyavu. Tumpe?
Mpeni. Asipofua usiku kucha, hizo nyavu mtazivutia wapi?

Mwenzetu kaumwa, hakwenda baharini. Ana sehemu?
Aliyeumia kazini, ndiyo. Mwenye homa ya nyumbani, kitoweo kinatosha. Mkibishana, nahodha aamue. Zile sehemu mbili hapewi kwa kushika usukani tu.