Miadi ya video na darasa la nchi nyingine
Ukipanga wanafunzi wako wakutane kwa video na wenzao wa nchi nyingine, andika muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia, isiyosogezwa mbele wala nyuma kwa misimu), kila upande ubadilishe wenyewe. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sehemu kubwa ya Marekani hutangulia, Jumapili ya pili. Kwa hiyo kuna wiki ambazo tofauti mliyoizoea huhama kwa saa nzima, na watoto hubaki wakitazama skrini tupu (na ari huisha hapo hapo). Ila kwa miadi ya kila wiki UTC haisaidii: saa zao zikisogezwa, kipindi chao nacho kinahama. Hapo shika saa ya shule yao, uhame wewe.