Vipele vya Mtoto Mchanga: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujifungua

Familia inayotarajia mtoto, hasa iliyo mbali na hospitali za Maweni mjini Kigoma na Kitete mjini Tabora, ijue mapema kwamba ni watoto wachache wanaomaliza mwezi wa kwanza bila vipele, na kwamba vingi havihitaji dawa. Vile vyenye kichwa cheupe au cha njano juu ya wekundu, vinavyozuka siku chache baada ya kuzaliwa, vikatembea usoni, kifuani na mgongoni huku vikiacha viganja na nyayo, huwapata takriban nusu ya watoto waliozaliwa kwa wakati wao na hutoweka vyenyewe. Mabaka ya bluu makalioni, ambayo wengine huyadhania ni alama za kupigwa, nayo hayana madhara. Vipele vya joto, vinavyosumbua sana kabla mvua hazijaanza, hutulia mtoto akipunguziwa nguo.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kukagua vipele na kumsahau mtoto mwenyewe. Anayeshindwa kunyonya, aliyelegea, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi au lililo chini ya 35.5, au anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, apelekwe kituoni mara moja, hata kama ngozi yake ina kipele kimoja tu. Vivyo hivyo kwa malengelenge ya maji yaliyojikusanya pamoja, majipu au vipele vya usaha, wekundu unaosambaa kutoka kitovuni, na madoa yasiyofifia yakibonyezwa kwa glasi. Malengelenge ya viganjani na nyayoni yanaweza kuwa ya kaswende, ndiyo maana mama apimwe wakati wa ujauzito na kadi yake ya kliniki isiwekwe mbali.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo mtoto atazamwe kwenye mwanga wa mchana na kuguswa pia, kwani ngozi yenye uvimbe na moto husema kabla ya rangi. Kwa usiku, andaeni tochi, kipimajoto na nauli. Walio vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika wakubaliane mapema na mwenye boti. Mawese, mitishamba na mirija ya dawa za ngozi za dukani visipakwe kabla mhudumu hajamwona mtoto. Njiani abebwe kifua kwa kifua na mama, akiendelea kunyonyeshwa ikiwa anaweza.