SOMO: Nembo ya duka la wanasesere, kutoka kwenye penseli hadi kwenye lebo

Wakuu, swali la "nembo inapendeza kwenye simu ila kwenye lebo macho hayaonekani" linaulizwa kila wiki. Jibu ni hili, tuelekezane hapa.

1. Chora kwa penseli. Rangi baadaye.

2. Chagua kitu kimoja: nywele, gauni au uso. Mwanasesere mzima na kitenge chake cha maua akipunguzwa haeleweki.

3. Kichore upya kwa vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa au kupunguzwa bila kuharibika. Programu ya Inkscape ni ya bure.

4. USO. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kwenye lebo ya upana wa sm 2, uso unabaki na kama mm 8. Kope nyembamba zinapotea, na jicho lenye duara jeupe ndani linajaa uzi na kuwa doa. Kwa lebo ya kufumwa, mstari usipungue mm 0.5 na herufi mm 2 kwenda juu. Kwa darizi ya mashine, mstari mm 1, herufi mm 5. Jicho liwe nukta au mkunjo mmoja. Pua achana nayo.

TAHADHARI: kabla ya kupunguza ukubwa, geuza mistari iwe maumbo (Inkscape: Ctrl+Alt+C). Usipofanya hivyo, na programu haijawekwa ipunguze unene, nembo inapungua lakini mistari inabaki minene vilevile, uso unazibika. Hifadhi nakala ya asili kwanza, maana ukishageuza, unene haubadiliki kirahisi. Kisha chapa karatasini kwa ukubwa halisi wa lebo, 100%, uitazame kwa umbali wa mkono.

5. Herufi nazo zigeuze ziwe maumbo (CorelDRAW: Ctrl+Q). Fundi asipokuwa na fonti yako, kompyuta yake itaweka nyingine.

6. Rangi mbili zinatosha. Waridi kali la Barbie liache. Mteja atadhani unauza bidhaa za Mattel, kampuni ya Barbie.

7. Peleka PDF, vipimo kwa milimita.

MASWALI

— Mkuu, nina JPG ya WhatsApp, fundi si anaikuza tu?
Hatua ya 3.

— Mbona unakuza mambo? Mimi nimechapa hivyohivyo na wateja wananunua.
Sijasema hawatanunua. Nimesema macho yatajaa. Weka picha ya lebo tuione.

— Tunaandaa chumba cha wanasesere wa asili kwenye makumbusho. Mwana hiti wa Wazaramo anafaa kwa nembo?
Umbo lake linafaa sana: mwili wa mche duara, hauna mikono wala miguu, kichwani vishungi viwili. Mjaze rangi moja, na mwanya kati ya vishungi uwe mpana, la sivyo kwa mbali vinaungana. Kwenye kibao, kadiria sm 2.5 za herufi kwa kila mita 3 za umbali; msomaji akiwa mita 12, herufi sm 10. Ila huyu si wa kuchezea tu, ni wa mwali aliyewekwa ndani. Kaeni na makungwi na wazee kwanza, hasa kabla ya kumtia kwenye fulana na vikombe vya kuuza.

— Ahsante sana, tutawaona. Na usajili wa nembo kama alama ya biashara?
Nenda kwa wakala wa usajili wa biashara: Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA. Usajili wa huku haufiki kule. Kwenye madaraja ya bidhaa na huduma, wanasesere wamo daraja la 28, huduma za makumbusho 41.

— Lebo inakunjwa wapi?
Acha mm 6 tupu kila ncha kwa ajili ya mshono.

— Na mifuko ya khaki?
Mhuri wa mpira, wino mweusi. Khaki inanyonya wino na mistari inatanuka, kwa hiyo mianya iwe mm 1 au zaidi.